Károly Takács: Bomu lilimharibia mkono wa kulia, akatwaa dhahabu kwa wa kushoto

KATIKA soko la Marikiti, kisiwani Mombasa, muuza viungo aliyeshika mizani kwa mkono wa kulia akalazimika kumpa mteja chenji kwa wa kushoto, huomba radhi kwanza. Adabu ya pwani haitaki vinginevyo. Jina lenyewe la mkono wa kulia limetoka katika kula, na huo wa pili una kazi zake ambazo hazitajwi watu wakiwa mezani.

Msomaji aliyelelewa katika adabu hiyo atayaelewa upesi masaibu ya Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria ambaye akiwa na umri wa miaka 28 alijikuta hana mkono wa kutegemea ila ule ambao hakuwahi kuutegemea kwa lolote la maana.

Takács alizaliwa jijini Budapest tarehe 21 Januari 1910. Alijiunga na jeshi akiwa kijana, na huko ndiko kipaji chake cha kulenga shabaha kwa bastola kilikojitokeza. Kufikia mwaka wa 1936 alikuwa miongoni mwa walengaji bora duniani.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa huku kwetu bastola ni jambo la polisi, kibali na hofu, na wengi wetu hatujapata kuiona ikitumika kama chombo cha michezo.

Bastola ya shabaha haifanani na ile inayofichwa kiunoni. Mtutu wake huwa mrefu, nayo hutumia risasi ndogo yenye kipenyo cha takriban milimita 5.6, ambayo kiwashio chake kimewekwa katika ukingo wa kitako cha ganda badala ya kuwa katikati. Risasi hiyo ni ya bei nafuu na haina mshindo mkubwa, kwa hivyo mkono hautikisiki sana baada ya kufyatua. Ama urefu wa mtutu, faida yake ni kwamba alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele, hukaa mbalimbali, na kosa dogo la mkono huonekana na jicho kabla ya risasi kutoka.

Kiwanda cha Walther cha Ujerumani kiliunda bastola ya namna hiyo na kuiita Olympia. Baada ya vita, kiwanda cha Hämmerli cha Uswisi kiliendeleza muundo huo. Hadi leo wakusanyaji wa silaha za michezo huko Ulaya na Marekani huzisaka bastola hizo, na wapo wanaozitoa kabatini na kuzipeleka uwanjani kulengea.

Shindano la Takács lilikuwa lile la ufyatuaji wa haraka. Mlengaji husimama mita 25 kutoka kwa shabaha tano zilizopangwa safu moja. Zinapogeuka kumkabili, huwa na sekunde nane za kufyatua risasi tano, moja kwa kila shabaha. Baadaye hupewa sekunde sita, kisha nne tu. Risasi zote ni 60, na pointi za juu kabisa ni 600. Hulengwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, na wa pili haruhusiwi kuutumia kuushikilia.

Mwaka wa 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin. Takács hakwenda. Alikuwa sajini, na kanuni ya Hungaria wakati huo iliwaruhusu maafisa wenye kamisheni pekee kuiwakilisha nchi katika ulengaji. Dhahabu ya shindano hilo ilikwenda kwa Mjerumani Cornelius van Oyen. Ni vigumu kuona jinsi cheo cha begani kinavyoweza kumzidishia mtu shabaha, lakini ndivyo wakubwa walivyoamua. Baada ya Berlin kanuni hiyo ikaondolewa, na Takács akaanza kuitazamia Olimpiki ya mwaka wa 1940.

Hapo ndipo balaa lilipomfika. Mwaka wa 1938, wakiwa katika mazoezi ya kijeshi, bomu bovu la kurusha kwa mkono lililipuka kabla ya kumtoka kiganjani. Mkono wa kulia, ule uliokuwa umefunzwa kwa miaka mingi, ukaharibika. Alilazwa hospitalini kwa muda wa mwezi mmoja.

Kwa mlengaji, kuhama mkono si jambo jepesi kama kubadilisha kalamu. Uzito wa silaha huangukia upande mwingine wa mwili, miguu hubadilisha nafasi, na jicho nalo huwa na upande wake. Mtu aliyezoea kulenga kwa jicho la kulia hana budi kulifunza la kushoto au kuikunja shingo ili lile la zamani lifikie alama. Kidole nacho kinapaswa kujifunza kukivuta kifyatulio polepole bila kuusukuma mtutu kando. Haya yote Takács alianza kuyasomea upya, naye aliyafanya kimyakimya bila kumwambia mtu.

Majira ya machipuko ya mwaka wa 1939 alitokea katika mashindano ya ubingwa wa kitaifa wa Hungaria. Wenzake walimzunguka, wakampa pole kwa yaliyompata na kumshukuru kwa kuja kuwatazama. Akawafahamisha kwamba hakuja kutazama, amekuja kushindana. Kisha akawashinda. Mwaka uo huo alikuwa katika timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia wa bastola za ufyatuaji wa haraka.

Lakini vita vikazuka. Olimpiki ya 1940 haikufanyika, wala ya 1944. Mwanamichezo huhesabu miaka yake kama mfanyabiashara anavyohesabu akiba, na Takács aliishuhudia yake ikiyeyuka pasipo kosa lake. Ilipofika zamu ya London, mwaka wa 1948, alikuwa na umri wa miaka 38.

Mashindano ya ulengaji ya michezo hiyo yaliandaliwa Bisley, nje ya London. Aliyetarajiwa kushinda alikuwa bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina. Inasimuliwa kuwa Muargentina huyo alimwuliza Takács amefuata nini London, naye akajibu kwa upole kwamba amekuja kujifunza.

Takács alipata pointi 580, akaivunja rekodi ya dunia kwa pointi 10. Valiente alikuwa wa pili kwa pointi 571, na Sven Lundquist wa Uswidi wa tatu kwa 569. Husemwa kwamba baadaye Valiente alimpongeza kwa kumwambia kuwa amekwisha jifunza vya kutosha.

Miaka minne baadaye, mjini Helsinki, alirudi kuitetea medali yake. Safari hii mpinzani wa karibu alitoka nyumbani kwake: kijana Szilárd Kun, Mhungaria mwenzake ambaye Takács mwenyewe alikuwa amemfunza. Mwalimu alipata pointi 579, mwanafunzi 578. Hakuna mlengaji aliyekuwa ameshinda shindano hilo mara mbili katika Olimpiki kabla yake.

Alishiriki kwa mara ya mwisho Melbourne, mwaka wa 1956, akiwa na umri wa miaka 46. Wakenya wana sababu ya kuikumbuka michezo hiyo, kwa kuwa ndiyo ya kwanza nchi yao, ingali koloni, kupeleka timu, na walengaji wa shabaha walikuwamo. Kwa Wahungaria ilikuwa michezo ya machozi, maana wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu vifaru vya Kisovieti viingie Budapest kuyazima maasi. Wanamichezo wao wengi hawakurejea kwao. Takács alimaliza wa nane.

Katika maisha yake alitwaa ubingwa wa kitaifa mara 35. Jeshi lililomnyima nafasi kwa kuwa sajini lilimstaafisha akiwa na cheo cha luteni kanali, naye akaendelea na kazi ya kuwafunza vijana kulenga.

Alifariki Budapest tarehe 5 Januari 1976, zikiwa zimesalia siku 16 atimize umri wa miaka 66.