Tom Mboya: Mwakilishi wa Nairobi aliyevuka mipaka ya kabila

Kila uchaguzi unapokaribia jijini Nairobi, swali moja hurudi: mpiga kura wa mjini anatazama kabila la mgombea, au anatazama kazi yake? Ili kulielewa swali hilo, tunarudi kwenye maisha ya Tom Mboya, aliyeanza kuiwakilisha Nairobi mwaka 1957 na kuuawa akiwa bado mbunge mwaka 1969.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, na baba yake alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Mtoto huyo alikua katikati ya vibarua wa makabila mbalimbali, akajua Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha nyumbani. Miaka mingi baadaye, lugha hizo zilimsaidia kwenye majukwaa ya siasa.

Baada ya masomo katika shule za misheni za Kabaa, Yala na Mang'u, alisomea kazi ya bwana afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aliona Mwafrika akilipwa mshahara mdogo sana kuliko Mzungu aliyefanya kazi ileile. Akawaunganisha wafanyakazi wenzake katika chama. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwaka uliofuata chama cha KAU kilipigwa marufuku. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizosikika hadharani. Mboya alikuwa na umri wa miaka 23 tu alipokuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Hadi wakati huo, Waafrika waliokaa katika Baraza la Kutunga Sheria waliteuliwa na serikali ya kikoloni. Wa kwanza alikuwa Eliud Mathu, mwaka 1944. Machi 1957 ndipo Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe 8, na Nairobi ikapata kiti kimoja.

Kura hiyo, hata hivyo, haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alipaswa kutimiza masharti ya elimu, mali au kipato, na aliyetimiza masharti mengi aliruhusiwa kupiga hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na cheti cha uaminifu kwa serikali. Isitoshe, maelfu ya Wakikuyu walikuwa wameondolewa Nairobi katika msako mkubwa wa Aprili 1954. Jiji lilipata mwakilishi, lakini sehemu kubwa ya wakazi wake haikuwa na neno katika kumchagua.

Mpinzani mkubwa wa Mboya alikuwa wakili Clement Argwings-Kodhek, Mjaluo mwenzake aliyejulikana kwa kuwatetea mahakamani watuhumiwa wa Mau Mau. Mboya alishinda kwa tofauti ya kiasi cha kura 400.

Alipoingia barazani, yeye na wenzake walikataa nyadhifa za uwaziri na kudai viti zaidi kwa Waafrika. Nairobi nako aliunda chama cha People's Convention, kilichojengwa juu ya kero za mitaa ya Waafrika: kodi ya nyumba, mishahara, vibali na ubaguzi. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa mataifa ya Afrika mjini Accra, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliowatafutia nafasi za masomo ilipaa kwenda Marekani ikiwa na vijana 81.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1961. Masharti ya kupiga kura yalikuwa yamelegezwa, na Wakikuyu walikuwa wengi katika jimbo la Nairobi Mashariki. Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa KANU, alipingwa na Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa chama hichohicho. Wengi walidhani hesabu ya makabila ingemwangusha. Badala yake alipata kura zaidi ya 31,000, huku mpinzani wake akiwa na kura zisizofika 3,000.

Mwaka 1963, kila mtu mzima alipopata haki ya kupiga kura, Mboya alichaguliwa tena, safari hii katika jimbo la Nairobi ya Kati. Serikalini alikuwa waziri wa sheria na katiba, kisha waziri wa mipango ya uchumi.

Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini suala la aliyemtuma halijapata jibu hadi leo. Mauaji hayo yaliongeza uhasama kati ya Wajaluo na Wakikuyu, na kabla ya mwaka kwisha chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku.

Nairobi, iliyoanza na kiti kimoja mwaka 1957, ina majimbo 17 tangu uchaguzi wa 2013, na hakuna anayedaiwa cheti cha uaminifu ili apige kura. Lakini katika majimbo mengi wagombea bado huhesabu makabila kabla ya kuhesabu kero za wakazi. Matokeo ya 1961 yanatuonyesha kwamba mpiga kura wa Nairobi hakuzaliwa na hesabu hiyo. Alipompata mtu aliyemjua kwa kazi, alimpa kura bila kuuliza anatoka wapi.