Arthur Berson, Mpimaji wa Upepo wa Juu

Mwalimu anayefundisha hali ya hewa mara nyingi huanza na kipimajoto na kuishia hapo hapo. Katika makala haya tumechagua kueleza maisha ya mtu aliyepeleka vyombo vya kupimia mahali ambapo binadamu hawezi kukaa. Maisha hayo yanagusa nchi yetu, tena yana funzo kwa mwalimu wa shule ya msingi.

Arthur Berson alizaliwa mwaka 1859 huko Galicia, katika sehemu ambayo leo ni ya Polandi, akafanya kazi yake Ujerumani. Siku zile aliyetaka kuijua hewa ya juu hakuwa na budi kupanda puto yeye mwenyewe. Tarehe 4 Desemba 1894 Berson alipaa peke yake hadi kimo cha mita zipatazo 9,150. Tarehe 31 Julai 1901 alipaa kutoka Berlin pamoja na Reinhard Süring, wakafika kiasi cha mita 10,800. Ingawa walichukua oksijeni, wote wawili walizimia. Berson aliwahi kuvuta kamba ya kutolea gesi, na puto likashuka wakiwa hai.

Ilidhihirika kwamba zaidi ya hapo ni lazima chombo kiende badala ya mtu. Puto la mpira, ambalo Richard Assmann alianza kulitumia mwaka 1901, lilibeba chombo chepesi chenye kalamu zilizochora joto, unyevu na kanieneo ya hewa juu ya silinda iliyopakwa masizi. Puto lilitanuka kadiri lilivyopaa, likapasuka, na chombo kikarudi chini na kuokotwa.

Mwaka 1908 Berson na Hermann Elias walileta vyombo hivyo Afrika Mashariki, wakarusha maputo katika Ziwa Victoria. Ilidhaniwa kwamba huko juu upepo hutoka mashariki, kwa kuwa vumbi la volkano ya Krakatoa, iliyolipuka mwaka 1883, lilisukumwa kuelekea magharibi. Katika kimo cha kilomita zipatazo 20 Berson alikuta upepo utokao magharibi. Aliuandika kama alivyoupima, nao ukaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1942, fumbo likiwa bado halijafumbuliwa. Karibu na mwaka 1960 ndipo ilipobainika kwamba upepo wa juu ya ikweta hugeuka kwa zamu, na mzunguko mzima huchukua miezi ipatayo 28. Vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi.

Njia hiyo ya kutuma chombo imeendelea. Mwaka 2003, huko South Dakota nchini Marekani, chombo cha Tim Samaras kilichotegwa ardhini kilipitiwa na tonado, yaani kisulisuli kinachobomoa nyumba, kikaandika kanieneo iliyoshuka kwa milibari 100.

Katika shule za Tegeta kazi hii haihitaji puto. Wanafunzi wafunge utepe kwenye mlingoti, wapime mwelekeo wa upepo kwa dira saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kisha watazame mawingu yanakoelekea. Siku nyingine wingu na utepe havitakubaliana. Mtoto atakapoleta jibu lisilolingana na kitabu, tunawasihi walimu-wanafunzi wasilikate kwa kalamu nyekundu kabla ya kutoka nje na kupima tena pamoja naye.