Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mhadhiri na Mwandishi wa Kiswahili Ujerumani

Mtafiti anayechunguza namna Kiswahili kilivyofika Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika hana budi kuirejea Bagamoyo, kwani huko ndiko ilikoanzia njia kuu ya misafara iliyoishia Ujiji. Katika ncha hiyo ya pwani, kijijini Dunda, ndiko alikozaliwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, yapata mwaka 1869. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa ufupi, kwa nia ya kuonyesha kwamba ufundishaji wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Ulaya ulitegemea tangu mwanzo kalamu ya mwenye lugha, lakini ukasita kumpa mwenye kalamu hiyo hadhi iliyomstahili.

Mtoro alisoma elimu ya Kiislamu, akawa mwalimu. Baadaye alifanya kazi ya kukusanya kodi Bagamoyo chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kuwa mhadhiri katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1887 chini ya chuo kikuu cha mji huo. Somo la Kiswahili lilisimamiwa na Carl Velten. Miongoni mwa wanafunzi walikuwamo maofisa waliojiandaa kutumikia koloni ambalo serikali yake iliwasiliana na raia kwa Kiswahili, kuanzia pwani hadi boma la Ujiji. Kwa hiyo uandishi ulikuwa sehemu ya mafunzo, zikiwamo hati za Kiarabu, ambazo Velten alizitolea kitabu mwaka 1901.

Mtoro hakuishia katika kufundisha. Habari za safari yake ya Udoe na Uzigua zilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Velten uitwao Safari za Wasuaheli. Mwaka 1903 ikatoka Desturi za Wasuaheli, ambayo Mtoro ndiye mchangiaji wake mkuu. Humo mna maelezo ya malezi, jando, ndoa, maradhi, utumwa, madeni na safari za bara. Ni nathari ya mtu anayeijua jamii yake kutoka ndani. Hata hivyo, kitabu kilitoka kwa jina la Velten kama mkusanyaji.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Ndoa hiyo ilizua uhasama, na mwaka uliofuata kazi yake katika Seminari ilikoma. Mtu na mkewe walisafiri kwenda Dar es Salaam mwaka 1905, lakini wakuu wa koloni hawakukubali mume Mwafrika na mke Mzungu waishi huko. Wakalazimika kurudi Ujerumani. Hivyo, mtu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi yake alizuiwa kuishi na mkewe katika nchi hiyohiyo.

Mtoro hakunyamaza, aliwasilisha malalamiko yake kwa wakuu wa Ujerumani. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifundisha Hamburg pamoja na Carl Meinhof, katika Taasisi ya Kikoloni ya mji huo. Baadaye alijipatia riziki kwa kutoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika ya Mashariki. Alifariki mwaka 1927, bila ya kurejea kuishi kwao.

Tafsiri ya Kiingereza ya Desturi, iliyofanywa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1981, na safari hii jina la Mtoro likawekwa katika anwani ya kitabu. Ilikuwa imepita miaka 78. Suala hili si la heshima ya marehemu pekee. Isimu ya Kiswahili ingali ikijengwa kwa maneno ya watu walioitwa wasaidizi, wasimulizi au watoa habari. Yeyote atakayekwenda Ujiji kukusanya data ya lahaja leo atakuwa na wajibu uleule uliomkabili Velten: kuamua ni jina la nani litakaloandikwa juu ya kazi, na kwa haki gani.