Mfalme Farouk: Hazina iliyouzwa kwa mafungu

MFALME Farouk wa Misri alizaliwa Cairo mwaka 1920 na kurithi ufalme mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 16. Alikusanya stempu, saa, vito na hasa sarafu, akinunua kutoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani.

Julai 1952 wanajeshi walimpindua, akaondoka Alexandria kwa meli yake kwenda Italia. Mali yake ilibaki. Serikali mpya iliipa kampuni ya Sotheby's ya London kazi ya kuinadi, na mnada ulifanyika katika Kasri la Koubbeh, Cairo, mapema mwaka 1954. Sarafu na medali zilizidi 8,500.

Kwa kawaida, mkadiriaji wa nyumba ya mnada huangalia sarafu mojamoja: zimebaki ngapi duniani, ina mikwaruzo kiasi gani, nani aliimiliki, ina hati gani, na sarafu kama hiyo iliuzwa bei gani katika minada ya karibuni. Iliyosuguliwa ili ing'ae hushuka bei. Kisha hutaja kiwango cha chini na cha juu kinachotarajiwa.

Cairo haikuwa hivyo. Sarafu nyingi zilifungwa katika mafungu makubwa, adimu na za kawaida pamoja. Wanunuzi waliojua walichokitafuta walipata adimu kwa bei ya fungu.

Sarafu moja haikuuzwa: ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933, ambayo karibu zote ziliyeyushwa Marekani kabla ya kutumika. Marekani iliomba iondolewe mnadani, kisha ikatoweka. Farouk alifariki Rome mwaka 1965, akiwa na miaka 45.

Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo hiyo ilikamatwa New York mwaka 1996. Baada ya mgogoro wa kisheria kumalizika, ilinadiwa peke yake mwaka 2002. Makadirio yalikuwa dola milioni 4 hadi 6. Iliuzwa karibu dola milioni 7.6. Mwaka 2021 iliuzwa dola milioni 18.9. Kilichoipandisha ni uadimu, historia na hati safi: ndiyo pekee ya aina yake iliyoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi.

Ni hesabu ileile ya kahawa: anayeuza bila kupanga madaraja hulipwa bei ya daraja la chini, na faida huenda kwa anayechambua.