Okot p'Bitek: Mhadhiri aliyekataa kukaa ndani ya kuta za chuo

Hebu nikuulize kabla hatujafika mbali. Ni lini mara ya mwisho umemwona mhadhiri wa chuo kikuu ameketi sokoni kwenu, si kuomba kura wala kuzika jamaa yake, ila kusikiliza watu tu?

Mimi ni kijana wa Nyaramba, kaunti ya Nyamira. Kwetu wahadhiri tunawaona Desemba, wakija na gari kusalimia wazazi, na tunawaona kwenye matanga. Wanasimama, wanatajwa vyeo, tunapiga makofi, wanarudi walikotoka. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponilemea, kwa hivyo usinione kama mtu anayeongea kwa niaba ya wasomi. Naongea kama mtu wa nje ya geti.

Siku hizi vyuo vikuu vyetu vina mtindo wa kuwatuza wafanyakazi waliohudumia jamii vizuri. Kuna cheti, kuna picha ya kusalimiana na mkubwa, kuna makofi. Sikejeli. Mtu akifanya kazi nzuri apewe heko. Lakini huwa najiuliza: huyu amepimwa kwa ratili gani? Na nani aliulizwa?

Ndio maana leo nataka nikupeleke kwa mtu aliyefanya kazi hiyo hiyo kabla yako na yangu kuzaliwa, na aliifanya Kisumu, si mbali na hapa. Ukitoka kwetu unapita Sondu, unapita Ahero, umefika. Jina lake Okot p'Bitek. Labda shuleni ulisikia tu kwamba aliandika Song of Lawino, ukakariri, ukafanya mtihani, ukasahau. Kaa nami kidogo.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931, kwa Waacholi. Babake alikuwa mwalimu. Mamake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mchezaji ngoma aliyejulikana, mtu wa kutunga nyimbo zake mwenyewe. Shika hilo la mama, maana ndilo shule yake ya kwanza. Kabla ya ubao na chaki kulikuwa na mama anayeimba na watu wanaoitikia.

Alisoma Gulu, kisha akaenda King's College Budo, shule ya watoto wa wakubwa Uganda ya wakati huo. Mwaka 1953, akiwa na miaka 22 hivi, akatoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar. Ni hadithi ya kijana anayekwenda Kampala kutafuta pesa za mahari, anahangaika, na akirudi nyumbani anaibiwa njiani zote. Wewe unayepanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta maisha, hiyo hadithi unaijua. Ona pia kwamba hakuandika kwa Kiingereza ili watu wa mbali wamsifu. Aliandika kwa lugha ya wale waliokuwa wakiishi maisha hayo.

Alifundisha karibu na Gulu, na jioni alikuwa mpirani. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilifanya ziara ya Uingereza, wengine wakicheza miguu mitupu, na Okot alikuwemo. Wenzake waliporudi, yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu Oxford kusomea anthropolojia, yaani elimu ya jamii za watu na desturi zao.

Oxford ilimuuma. Aliketi darasani akasikia watu wa kwao wakiitwa washenzi, na anayesema hivyo ni mwalimu mwenye heshima zote. Alilalamika na hakusikizwa. Hebu jiweke pale: umesafiri maelfu ya kilomita kutafuta elimu, unafika unafundishwa kwamba mamako ni kitu cha kuchunguzwa. Wengi wangenyamaza wapate karatasi warudi nyumbani. Okot alifanya utafiti wake juu ya nyimbo za Waacholi na Walango. Kwa maneno mengine, alibeba nyimbo za kina mamake akaziweka mezani Oxford.

Aliporudi Uganda miaka ya mwanzo ya 1960, alifanya kazi Makerere, na akaingia idara ambayo wasomi wengi hawakuikimbilia: ile ya masomo ya nje ya chuo. Hebu nikueleze maana yake. Chuo kikuu wakati huo kilikuwa cha wachache mno. Kwa hivyo kulikuwa na idara ya kukipeleka kwa waliobaki nje: walimu wa msingi, makarani, wakulima, mtu yeyote aliyetaka kujua jambo. Madarasa ya jioni, ya wikendi, kwenye ukumbi wa mji au shule ya kuazima. Mhadhiri ndiye anasafiri, mwanafunzi anamngoja kwao.

Okot akarudi Gulu na akafanya kitu cha ziada. Badala ya kupeleka mihadhara tu, alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa. Waimbaji na wachezaji ngoma wa vijijini wakawa ndio wanaotazamwa. Ukifikiria vizuri, aligeuza mwelekeo wa kazi. Wenzake walikuwa wakimwaga elimu kutoka juu kwenda chini, yeye akasema kwa vitendo kwamba elimu ilikuwa kule kijijini tayari, na kazi ya chuo ni kuipa jukwaa.

Mwaka 1966 akakabidhiwa kituo cha utamaduni cha Uganda, pamoja na Jumba la Kitaifa la Maonyesho mjini Kampala. Alifungua mlango kwa ngoma na nyimbo za wenyewe. Mwaka huo huo, East African Publishing House ya Nairobi ikatoa Song of Lawino.

Nikukumbushe kisa, maana kinatuhusu. Lawino ni mke wa kijijini. Mumewe Ocol amesoma sana, ana nyumba imejaa vitabu, na sasa anamwona mkewe kama aibu. Anadharau chakula chake, nywele zake, ngoma zake, na ametafuta mwanamke wa kisasa wa mjini. Lawino hasemi elimu ni mbaya. Analia kwamba mtu wake alienda kusoma, na aliyerudi hawezi tena kukaa na watu wa boma lake. Yule Ocol ndiye picha ya msomi wa Desemba niliyekwambia. Miaka zaidi ya 50 imepita na bado tunamjua kwa sura. Ukitaka kukisoma kwa lugha yetu, Paul Sozigwa wa Tanzania alikitafsiri kikatoka mwaka 1975 kwa jina Wimbo wa Lawino.

Kitabu hicho pia kiliwachoma wanasiasa, wale wanaokumbatiana jukwaani na kuchinjana gizani. Na Uganda ya wakati ule haikuwa mahali pa mzaha. Mei 1966 jeshi la Obote lilivamia ikulu ya Kabaka, Kabaka akakimbilia uhamishoni. Muda si mrefu baadaye Okot akasafiri kwenda Zambia. Aliporudi hakuwa na kazi.

Sasa hapa ndipo anaingia kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa bado University College, kilimchukua kwenye idara yake ya masomo ya nje na kumweka Kisumu kushughulikia magharibi mwa Kenya. Mtu aliyetoka kusimamia jumba la taifa anapewa ofisi ya mkoani. Kwa mwingine hiyo ni adhabu. Yeye alifanya alichofanya Gulu: mwaka 1968 akaandaa tamasha la sanaa Kisumu, na watu wa kawaida wakapanda jukwaani na ngoma zao na nyimbo zao.

Nataka uone uzito wa hapo. Alikuwa mgeni, nchi si yake, ametoka kufutwa kazi kwao. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kufundisha madarasa yake ya jioni, apokee mshahara, alale. Tena hesabu za kupanda cheo chuoni hazijawahi kuwa rafiki wa kazi ya namna hiyo. Mpaka leo mhadhiri wa Kenya anapimwa kwa mambo matatu, kufundisha, utafiti na huduma kwa jamii, lakini kila mtu anajua machapisho ndiyo hubeba mzigo mkubwa.

Na wakubwa wa elimu walimjibu vipi? Oxford waliikataa tasnifu yake ya udaktari, ile iliyodai kwamba wasomi wa Magharibi walizipotosha dini za Afrika ili zifanane na walichotaka kuona. Alikosa cheo cha daktari. Aliichapisha kazi hiyo kama kitabu, na leo wanafunzi wa dini za Kiafrika hawawezi kuikwepa. Kenya nayo ilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972, kwa kitabu cha Two Songs. Hiyo ilikuwa tuzo ya kalamu. Ile kazi ya Gulu na Kisumu, ya kuzunguka na kuwakusanya watu, haikuingia kwenye hesabu ya tuzo hiyo.

Januari 1971 Idi Amin alichukua nchi, na njia ya kurudi ikafungwa. Okot alifundisha Nairobi miaka mingi, sosholojia na fasihi, wakati ule ambapo wasomi wa hapo walikuwa wanapigania nyimbo na hadithi za Waafrika zisomwe chuoni kama fasihi kamili. Alitoa vitabu vya nyimbo na hadithi za Waacholi. Alikuwa mtu wa mabishano, wa kupinga hata marafiki zake. Mwaka 1978 alikwenda kufundisha Ife, Nigeria. Amin alianguka Aprili 1979, na mwisho Okot akarudi kwao. Mwaka 1982 Makerere ikampa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Hakuukalia miezi mingi. Alifariki Kampala Julai mwaka huo, akiwa na miaka 51. Uprofesa ulimfikia jua likizama.

Sasa turudi Nyaramba, maana sikukusimulia haya ili ulie.

Kwetu kuna wazee wachache bado wanaopiga obokano, ile zeze kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane. Sauti yake ukiisikia usiku inakuingia kifuani. Nilipokuwa chuo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mzee kama huyo anajua kitu. Ilibidi niache chuo, nirudi nyumbani na aibu yangu, niketi karibu na mzee mmoja jioni bila kazi ya kufanya, ndipo nikagundua kwamba ndani ya nyimbo zake kuna vita, ndoa, njaa na majina ya watu ambao sikuwasoma popote. Sikuwa na la kumlipa. Nilimnunulia sukari.

Huyo mzee ndiye mtu ambaye Okot angemtafuta. Na siku hizi haihitajiki safari ya Oxford wala Kisumu. Kisii ina chuo kikuu chake kamili tangu 2013. Wahadhiri wenye moyo huo wapo, naamini, na pengine wanafanya kazi kimya kimya sasa hivi mahali ambapo kamera haifiki, wakilipa nauli kutoka mfukoni mwao.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotoa vyeti ni dogo. Kabla ya kumtuza mfanyakazi kwa kuhudumia jamii, njooni muulize jamii yenyewe. Ulizeni sokoni jina lake linajulikana au la. Ulizeni alipokuja alizungumza tu au alisikiliza pia. Ulizeni kama alirudi mara ya pili. Na cheti kikitolewa, kitolewe hapo hapo, si ukumbini Nairobi, ili mama muuza ndizi naye apige makofi akijua anampigia nani.

Nawe msomaji, kama uko chuo, maliza. Sisemi uache kama mimi. Ila ukimaliza usirudi kama Ocol. Na kama umeacha, au hukuwahi kuingia, kuna mzee au nyanya karibu na kwenu ambaye anajua wimbo usioandikwa popote. Mtembelee wikendi hii. Beba sukari.