Paul Lomami Tshibamba: alichapwa fimbo kwa makala yake, akachapisha za wenzake

Mwanzoni mwa mwaka 1945, vita kuu ya pili ikikaribia kwisha, karani mmoja wa Kinshasa aliandika makala akauliza Mkongomani aliyesoma atapewa nafasi gani katika dunia itakayokuja baada ya vita. Makala hiyo ilitoka katika toleo la pili la La Voix du Congolais, gazeti lililokuwa na umri wa miezi michache tu. Mwandishi alikuwa na miaka 30. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walimwita, wakamhoji, na akachapwa fimbo.

Jina lake ni Paul Lomami Tshibamba. Wengi wanamjua kama mtunzi wa Ngando, kitabu kilichomweka miongoni mwa waandishi wa kwanza wa riwaya wa nchi hii. Wachache wanakumbuka kwamba baada ya zile fimbo alitumia karibu miaka kumi ya maisha yake kuchapisha maandishi ya watu wengine.

Bule, katika chefferie ya Bahema-Badjere, territoire ya Djugu, ni mbali na mitaa ya Kinshasa. Watu wa hapo wamezoea kusikia jina la kwao kwenye redio kwa sababu ya kambi za wakimbizi wa ndani na mashambulizi, kama lile la Plaine Savo la usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, lililoua watu wapatao 60. Lakini hata kambini kuna vijana wenye daftari, na daftari si za hesabu peke yake. Anayeandika shairi au hadithi hapo anaweza kupata kalamu. Kinachokosekana ni mtu wa kuisoma na kumwambia ukweli, na mahali pa kuipeleka. Lomami Tshibamba aliishi na shida hiyo hiyo, na alikuja kuwa mtu wa kuwatatulia wengine.

Alizaliwa Brazzaville tarehe 17 Julai 1914, akakulia ng'ambo ya pili ya mto, Kinshasa, mji ambao Wabelgiji waliuita Léopoldville. Wakati huo mtoto mweusi aliyetaka kusoma zaidi ya shule ya msingi hakuwa na milango mingi. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa seminari. Alipelekwa Mbata-Kiela, katika misitu ya Mayombe, akasomea upadri, akajifunza Kifaransa cha vitabuni. Ugonjwa wa masikio ulimkatisha njia hiyo. Alirudi mjini, akafanya kazi za ukarani na kuandika katika La Croix du Congo, gazeti la Kikatoliki.

Makarani wa aina yake waliitwa évolués. Walivaa suti, waliandika barua za ofisi kwa niaba ya Wazungu, na jioni walirudi kulala katika mitaa ya weusi ambako hawakuruhusiwa kutoka usiku. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Lubumbashi walipigwa risasi. Mwezi Februari 1944 askari waliasi Luluabourg, leo Kananga. Serikali ilianza kuogopa kwamba makarani nao wangejiunga na wenye hasira. Kwa hiyo mwezi Januari 1945 ikawapa gazeti lao, chini ya idara yake ya habari, na mshairi Antoine-Roger Bolamba akawekwa kuliongoza.

Ni rahisi leo kumdharau Bolamba, kwa kuwa gazeti lililipwa na serikali na lilisomwa na serikali kabla ya kusomwa na wasomaji. Lakini makala ya Lomami Tshibamba ilipita mezani kwake, na ikatoka. Gazeti hilo pia lilifanya jambo ambalo wenye nchi huenda hawakulitarajia: liliwafahamisha watu wanaoandika, kila mmoja akiwa mji wake. Karani wa Kinshasa alimsoma karani wa Lubumbashi. Huko Kisangani, mji mkuu wa Mkoa wa Mashariki ambao Ituri ilikuwa sehemu yake, karani wa posta aitwaye Patrice Lumumba alianza naye kupeleka maandishi yake huko. Wengi walijuana kwa majina kwenye karatasi miaka kabla ya kupeana mkono.

Urafiki wa karatasi ulikuwa na mpaka wake. Gazeti la serikali halikuwa na uwezo wa kumkinga mtu aliyeletewa fimbo na serikali hiyo hiyo. Fimbo ilikuwa adhabu ya mpagazi, ya askari, ya mlima pamba. Kumchapa mtu aliyeandika Kifaransa safi kuliko maofisa wengine wa kizungu ilikuwa njia ya kumjibu swali lake: nafasi yake ilikuwa pale pale.

Hakuacha kuandika. Mwaka 1948 alipeleka hadithi ndefu kwenye shindano la fasihi lililoandaliwa kwa ajili ya maonyesho ya kikoloni ya Brussels, na akashinda. Ilichapishwa mwaka huo huo huko Ubelgiji kwa jina la Ngando, yaani mamba. Mtoto aitwaye Musolinga anakwepa shule, anakwenda mtoni, mamba anamchukua. Baba yake hakubali. Anafunga safari kwenda katika ulimwengu wa mizimu ya maji kumrudisha, kwa masharti ambayo yeye na waliomsindikiza wanatakiwa kuyashika hadi mwisho. Njiani mwiko unavunjwa, na safari inaishia kwa maafa. Wasomaji wa Ulaya waliona hapo uchawi wa Afrika. Msomaji wa Kongo aliona pia mji wa wafanyakazi, king'ora cha asubuhi, na baba maskini asiye na wa kumlilia mtoto wake isipokuwa majirani.

Tuzo hiyo haikumpa amani. Mtu aliyewahi kuchapwa kwa makala anajua kwamba sifa za Brussels hazimlindi Kinshasa. Karibu na mwaka 1950 alivuka mto, akarudi Brazzaville alikozaliwa. Huko kulikuwa ukoloni pia, wa Wafaransa, na hakuna sababu ya kuupamba. Lakini tangu 1946 Wafaransa walikuwa wamefuta kisheria kazi za lazima na ile sheria ya adhabu kwa wenyeji iliyoitwa indigénat, wakati upande wa pili fimbo iliendelea kuwa sehemu ya utawala. Upana wa mto ulitosha kubadili hali ya mtu.

Serikali ya Brazzaville ilikuwa inaanzisha jarida la vituo vya utamaduni vya Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, eneo lililoanzia pwani ya Gabon hadi Chad, likipitia Oubangui-Chari. Jarida liliitwa Liaison, maana yake kiungo. Lomami Tshibamba alipewa kuliongoza.

Hapa ndipo maisha yake yanapochukua sura ambayo wanaosimulia habari za Ngando huipita haraka. Kuongoza jarida la namna ile hakukuwa cheo cha kukaa na kupiga picha. Maandishi yalitoka kwa walimu wa vijijini, makarani, wauguzi, wanafunzi: ngano za kwao, mashairi, maelezo ya mila, mabishano. Mtu anayepokea vitu hivyo lazima asome kila ukurasa, hata ule mbaya, na achague kipi kitoke sasa na kipi kingoje. Mwandishi chipukizi wa Bangui au wa Pointe-Noire alijua kwamba upande wa pili wa bahasha yupo Mwafrika mwenzake aliyewahi kushinda tuzo, na atamsoma.

Jean Malonga, aliyekuwa seneta na baadaye akatoa La Légende de M'Pfoumou Ma Mazono mwaka 1954, alikuwa mmoja wa walioandika humo. Walikuwamo pia Patrice Lhoni na Antoine Letembet-Ambily. Na alikuwamo kijana aliyezaliwa Sibiti mwaka 1934, Sylvain Bemba, aliyekuwa bado na miaka 16 jarida lilipoanza. Wanaoandika historia ya fasihi ya Brazzaville huanzia hapo, kwenye kurasa za Liaison, na msimamizi wa kurasa hizo alikuwa mtu kutoka ng'ambo.

Jarida lilikuwa na mipaka yake, kwa sababu aliyelipa karatasi na wino alikuwa serikali, na siasa kali haikupita. Wapo wanaomlaumu Lomami Tshibamba kwa kukubali kazi hiyo. Lawama hiyo ina haki yake, ila inasahau kwamba hapakuwa na mashine nyingine ya kuchapisha iliyokuwa ikimsubiri. Alitumia mlango uliokuwa wazi, na hakuufunga nyuma yake baada ya kuingia.

Kuna gharama aliyolipa, nayo inaonekana kwenye tarehe za vitabu vyake. Ngando ni ya 1948. Kitabu kilichofuata kilitoka mwaka 1972. Ni miaka 24. Si yote ya kuhesabiwa kwa Liaison, maana mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi Kinshasa, na misukosuko ya uhuru ikamkuta huko. Lakini mtu anayesahihisha kazi za wenzake mchana anakuwa amechoka usiku. Kila mhariri anayeandika pia analijua deni hilo, na kwa kawaida halilipwi.

Kwake lililipwa, angalau sehemu. Kilichochapisha kitabu hicho ni Mont Noir, nyumba ndogo ya vitabu iliyoanzishwa na wasomi vijana wa Zaire, miongoni mwao V. Y. Mudimbe na Georges Ngal. Walikuwa watoto wadogo wakati yeye anachapwa kwa makala yake. Sasa wao ndio walikuwa na mlango, na walimfungulia mzee.

Ng'ambo ya mto nako mambo yaliendelea. Sylvain Bemba, kijana wa Liaison, alikuwa amekuwa mkubwa wa kundi ambalo waandishi wa Brazzaville waliliita phratrie, yaani ukoo wa ndugu. Hawakuwa na ofisi wala kadi za uanachama. Walipeana miswada, wakasomana kabla ya wachapishaji wa Paris kuwasoma, wakaambiana palipo dhaifu. Sony Labou Tansi, aliyezaliwa Kimwanza karibu na Kinshasa mwaka 1947 na kuandika vitabu vyake kwa mkono katika daftari za shule, alikuwa mmoja wao. Hata jina aliloandikia alilichukua kwa heshima ya kaka yao mkubwa, mshairi Tchicaya U Tam'si. Riwaya yake La Vie et demie ilitoka 1979. Bemba mwenyewe, mwaka 1984, alitoa Léopolis, riwaya iliyojengwa juu ya maisha ya Lumumba. Sony na Bemba walikufa mwaka mmoja, 1995, wakipishana chini ya mwezi mmoja.

Lomami Tshibamba aliishi kuona mwanzo wa hayo yote. Mwaka 1981 alitoa Ngemena, iliyochapishwa Yaoundé. Mwaka 1982 Ngando ilirudi madukani, safari hii kwa ushirikiano wa Présence Africaine ya Paris na nyumba ya Kinshasa iitwayo Lokole, baada ya miaka mingi ambayo walimu walikuwa wakiifundisha kwa nakala zilizochakaa. Alikufa mwaka 1985, akiwa na miaka 71.

Aliacha riwaya nyingine kubwa ambayo haikuwa imechapishwa. Muswada haujilindi dhidi ya mvua, panya na kuhama nyumba, hasa katika miji ambayo vita imepita mara kadhaa tangu hapo. Huu ulilindwa. Unaitwa Ah! Mbongo, na ulichapishwa na L'Harmattan mwaka 2007, miaka 22 baada ya mwenyewe kuzikwa.