Albert Johanneson: Winga aliyefungua mlango wa Wembley, kisha akaachwa nje

Ukitoka Kilifi mjini kuelekea Malindi, hujakaa vizuri kwenye matatu ushafika Tezo. Shuka hapo mwendo wa saa kumi na moja jioni, jua likianza kupoa. Palipo na nafasi wazi kati ya minazi na mikorosho, boli linachezwa. Na kila timu ina yule mmoja: mwembamba, mwepesi, anakaa pembeni kabisa karibu na mstari, anangoja mpira. Ukimfikia tu, beki anajua leo kuna kazi. Huenda huyo ni rafiki yako. Huenda ni wewe mwenyewe.

Basi nikupe habari za winga mmoja aliyeanza vivyo hivyo, kwenye vumbi, akaishia kucheza Wembley mbele ya watu laki moja. Si Salah, si Mané. Hao unawajua, jezi zao umezivaa. Huyu alifika Uingereza miongo mingi kabla yao, na ukiuliza jina lake leo kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, wengi watakutazama tu. Anaitwa Albert Johanneson. Yeye ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kucheza fainali ya Kombe la FA.

Soma mpaka mwisho, maana habari yake si ya mabao peke yake.

Mtoto wa mji wa dhahabu

Johanneson alizaliwa Machi 1940 huko Germiston, mji ulio karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Germiston ni mji wa dhahabu. Dhahabu ya migodi ya eneo lile husafishwa hapo, kwenye mojawapo ya viwanda vikubwa zaidi vya kazi hiyo duniani. Lakini kwa mtoto mweusi, utajiri huo ulikuwa wa kupita mbele ya macho tu.

Alipokuwa na miaka minane, mwaka 1948, chama cha National Party kilishinda uchaguzi wa Wazungu na kuanza kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Rangi yako iliamua utaishi wapi, utasoma wapi, utaketi benchi gani, utapanda basi gani. Na mpira pia uligawanywa. Timu ya taifa ilikuwa ya Wazungu. Mtoto mweusi angeweza kuwa na miguu ya ajabu, lakini jezi ya nchi yake asingeivaa hata siku moja.

Jiweke hapo kidogo. Wewe unajua kwamba ukipambana ukafika, siku moja kocha wa Harambee Stars anaweza kukuita. Yeye mlango huo ulikuwa umefungwa tangu hajajua kufunga kamba za viatu.

Machi 1960, akiwa na miaka 20, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Sharpeville na kuua watu 69. Mwaka uliofuata, 1961, Johanneson aliondoka. Mwalimu mmoja aliyekiona kipaji chake alikuwa amempendekeza kwa klabu ya Leeds United, nayo ikakubali kumfanyia majaribio. Mwaka huohuo huku kwetu Mzee Kenyatta alikuwa anaachiliwa kutoka kizuizini. Afrika ilikuwa inafunguka mlango mmoja baada ya mwingine. Johanneson naye akaenda kubisha wake.

Bafu la pamoja

Leeds ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, wakati ule mji wa viwanda na moshi, baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwafrika Kusini mwingine mweusi, Gerry Francis, alikuwa amemtangulia klabuni hapo, kwa hiyo si kwamba alikuwa wa kwanza kabisa kukanyaga kiwanja kile. Lakini bado ilikuwa dunia nyingine.

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa sana kumhusu. Zamani, wachezaji wa Uingereza walioga pamoja baada ya mechi, kwenye bafu moja kubwa la maji moto. Mechi ikiisha, wenzake wanavua jezi wanaingia. Johanneson hakuingia. Alibaki pembeni. Kwao, mtu mweusi kutumia bafu moja na Wazungu ilikuwa makosa ya kukupeleka pabaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapa mambo ni tofauti. Wenzake walipoelewa kinachomzuia, walimbeba mzobemzobe wakamtumbukiza majini. Kila mtu akacheka, na yeye akacheka.

Kisa kinachekesha, ndiyo. Lakini kifikirie mara ya pili. Huyu ni kijana wa miaka 21 aliyevuka bahari kwa sababu ana kipaji, na bado sheria za kwao zilikuwa ndani ya kichwa chake, zinamwambia wewe ngoja nje. Kuvuka mpaka kwa ndege ni saa chache. Kuvuka mpaka ulio kichwani kunachukua miaka, na wengine hawavuki.

Moto wa pembeni

Uwanjani lakini, wee! Alicheza winga wa kushoto. Alikuwa na kasi ambayo mabeki wa wakati ule hawakuizoea, na mpira ulimganda mguuni kama umefungwa kwa uzi. Katika mechi yake ya kwanza, Aprili 1961 dhidi ya Swansea, alimimina krosi na beki mrefu Jack Charlton akaitia kimiani kwa kichwa. Ndiyo, huyohuyo Charlton ambaye miaka mitano baadaye alitwaa Kombe la Dunia na Uingereza. Mashabiki wakampa Johanneson jina: Umeme Mweusi.

Usidhani Leeds ya wakati ule ilikuwa timu kubwa. Ilikuwa daraja la pili, tena inachungulia la tatu. Msimu wa 1961/62 ilinusurika kushuka siku ya mwisho kabisa, kwa kuichapa Newcastle 3-0 ugenini. Johanneson alikuwa miongoni mwa waliofunga. Kocha alikuwa Don Revie, mchezaji aliyekuwa ndiyo kwanza amegeuka kuwa kocha, na alikuwa anajenga kikosi kipya kwa kuchanganya wakongwe na watoto.

Miaka miwili baadaye, 1964, timu hiyohiyo ilishinda ligi ya daraja la pili na kupanda. Winga kutoka Germiston alikuwa amefunga mabao 13 ya ligi msimu huo, na kwa winga hayo si mabao ya mchezo. Msimu uliofuata Leeds ikaingia ligi kuu ikiwa mgeni, na nusura iondoke na kombe: ilimaliza na pointi sawasawa na Manchester United, ikakosa ubingwa kwa hesabu ya mabao tu. Halafu ikaing'oa Manchester United hiyohiyo kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Njia ikafunguka kwenda Wembley.

Lakini kila kiwanja cha ugenini kilikuwa na sauti zake. Mashabiki walimpigia milio ya nyani. Matusi ya rangi yalishuka kutoka majukwaani, na mengine yalitoka kwa wapinzani waliokuwa wanamkaba. Siku hizi mchezaji akitendewa hivyo, refa ana utaratibu wa kusimamisha mechi, kamera zinatafuta mhusika, mtandao unawaka. Wakati ule hakukuwa na utaratibu wowote. Aliambiwa apuuze, acheze. Wakati ule mchezaji mweusi kwenye ligi kuu ya Uingereza alikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Jioni akirudi nyumbani, angemweleza nani?

Siku ya fainali

Mei 1, 1965, Jumamosi. Kenya ilikuwa jamhuri kwa miezi isiyofika mitano. Wembley, Leeds dhidi ya Liverpool. Watu laki moja uwanjani, mamilioni kwenye televisheni. Na pembeni kushoto, ndani ya jezi nyeupe ya Leeds, kijana mweusi kutoka nchi ambayo isingemruhusu kuvaa jezi yake. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amefika hapo kabla yake.

Natamani nikwambie alipiga bao la ushindi. Hakupiga. Kiwanja kilikuwa kimelowa, Liverpool walikuwa imara, na Johanneson alibanwa mchana kutwa. Dakika 90 zikaisha bila bao. Katika muda wa ziada Roger Hunt akaifungia Liverpool, Billy Bremner akaisawazishia Leeds, kisha Ian St John akamaliza kazi dakika chache kabla ya kipenga. Liverpool 2, Leeds 1. Na kumbuka, siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ukiwa na siku mbaya, unabaki na siku yako mbaya uwanjani mpaka mwisho, dunia nzima inakutazama.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema. Kwamba aliganda. Kwamba moyo wake ni mwepesi, mechi kubwa hawezi. Siku hiyo karibu kila mtu wa Leeds alicheza chini ya kiwango, lakini aliyekumbukwa kwa kufifia ni yule mmoja ambaye hafanani na wenzake. Wewe mwenyewe umeshaliona hili mtaani. Timu ikifungwa, lawama humtafuta mgeni.

Kuteleza

Haikuwa mwisho wake mara moja. Oktoba 1966 alipiga mabao matatu peke yake dhidi ya DWS ya Amsterdam katika mashindano ya Ulaya. Lakini majeraha yalianza kumwandama, na kasi ndiyo ilikuwa mtaji wake wote. Wakati huohuo kijana kutoka Scotland, Eddie Gray, akatokea na kuchukua upande ule wa kushoto. Revie alikuwa anaunda Leeds ambayo ingetwaa ubingwa wa ligi 1969. Katika sherehe hizo Johanneson alikuwa mtu wa pembeni, na safari hii si pembeni ya uwanja.

Mwaka 1970 aliondoka baada ya karibu mechi 200 na mabao zaidi ya 60. Akaenda York City, daraja la nne, ikapanda daraja 1971. Muda si mrefu mpira ukaisha. Alikuwa na miaka thelathini na kitu.

Hapo ndipo habari inakuwa nzito. Pombe ilikuwa imeshaingia. Huku kwetu ingekuwa mnazi, kule ilikuwa bia na pombe kali, lakini njia ni ileile: unaanza kwa kutuliza maumivu, unaishia kutafuta maumivu ya kutuliza. Ndoa ikavunjika. Pesa za wachezaji wa wakati ule hazikuwa hizi za leo, na hizo kidogo ziliyeyuka. Kurudi Afrika Kusini? Arudi kwenye nchi gani, ile iliyomwambia aoge kivyake? Akabaki Leeds. Mji uliomshangilia ulianza kumwona barabarani, amelewa, amechakaa. Wenzake wachache wa zamani walijaribu kumshika mkono. Haikutosha.

Septemba 1995 alikutwa amekufa kwenye fleti yake mjini Leeds. Alikuwa amekaa siku kadhaa bila mtu yeyote kujua. Miaka 55. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla yake, Afrika Kusini ilikuwa imempata Mandela kuwa rais, na Februari 1996 timu yake ya taifa, weusi kwa weupe jezi moja, ikatwaa Kombe la Afrika ikiwa na nahodha Mzungu aitwaye Neil Tovey. Johanneson alilikosa hilo kwa miezi michache.

Leo jina lake liko kwenye bamba la kumbukumbu pale uwanjani Elland Road. Wanahistoria wa mpira wanamtaja kwa heshima. Ni vizuri. Lakini bamba halimgongei mtu mlango kumuuliza kama amekula.

Sasa rudi Tezo

Mwaka 2013 Victor Wanyama alipokuwa Mkenya wa kwanza kucheza Premier League, alipita kwenye mlango ambao watu kama Johanneson waliusukuma kwa bega. Siku moja huenda mtoto wa Kilifi akapita hapo pia. Mimi sina shaka, vipaji tunavyo.

Ninachokuuliza ni kingine. Yule winga wa jioni, siku akiitwa majaribio Nairobi au ng'ambo, mtaa mzima utamsindikiza, status zitajaa picha zake. Haya. Siku akivunjika goti, nani atampigia simu? Akirudi kimya kimya usiku na begi moja, utamwita aje kiwanjani au utamcheka? Ukimwona ameanza kushinda mangweni kuanzia asubuhi, utapita tu ukisema kajimaliza?

Na wewe ambaye ni winga mwenyewe: jifunze kitu cha pili mapema, hata kama ni ufundi mdogo. Miguu ni ya mkopo. Tafuta mtu mmoja ambaye unaweza kumwambia leo nimeumia, na si mguuni. Johanneson aliweza kumpita beki yeyote. Alichokosa ni mtu wa kumpa pasi alipozingirwa.

Kwa hiyo kesho jioni, boli likiisha na vumbi likitulia, usiondoke haraka. Ketini kidogo. Ulizaneni hali.